Urea unampa nani?

Swali lenu la wiki hii mmetuuliza wanafunzi, semista imeisha, umeondoka na kitu gani ambacho hakikuwa kwenye notsi. Mi niko mwaka wa pili stashahada ya kilimo huku Mbeya, naandika nimejifunika mablanketi mawili maana baridi ya mwezi wa saba ya huku mnaijua, na cha ajabu kitu nlichoondoka nacho kwenye notsi kilikuwepo, tena ukurasa mzima.

Mwezi wa nne tulipelekwa fildi kijiji kimoja ukishapita Uyole unapandisha barabara ya Tukuyu, kila mtu na mkulima wake. Mi nikapangiwa mama mmoja ana kama robo eka ya maharage, alichelewa kupanda sababu alisubiri kwanza atoe viazi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu bwana shamba. Hapo bichwa likavimba sio kidogo, ovaroli jipya, gambuti mpya. Akaniuliza, bwana shamba, mbona maharage yangu yamekuwa ya njano na mengine yanakauka? Sikuinama hata. Nikamwambia mama hii ni naitrojeni imepungua, tia mbolea ya urea, afu nikaanza kushusha madini, urea ina naitrojeni asilimia 46 kwahiyo mfuko wa kilo 50 unakupa kilo 23, nikamaliza nikatulia nasubiri kusifiwa.

Mama akachuchumaa. Akang'oa mche mmoja akakung'uta udongo, pale shina linapoingia ardhini palikuwa pamevimba na kupasuka kama kisigino cha mtu wa peku. Akachana kwa ukucha. Ndani kuna vidubwasha vya kahawia, vidogo kama punje za ulezi ila virefu kidogo, vimejipanga chini ya ganda. Akanishikisha mche akasema, "Hawa ndo wanakula maharage yangu. Sasa urea unampa nani, hawa?"

Funza wa maharage! Huyo mdudu wiki mbili nyuma nlimwandika kwenye jaribio nikapata nane kwa kumi, jina la kilatini na kila kitu. Inzi mdogo anataga kwenye majani machanga, funza anatoboa anashuka na shina mpaka chini, mche unakuwa wa njano utadhani umekosa mbolea, na ukichelewa kupanda ndo anakushambulia zaidi. Jibu nlikuwa nalo, ila lilikuwa kwenye daftari la wadudu na mi pale shambani nlifungua daftari la mbolea. Afu hata la mbolea sikulifungua vizuri, maana maharage yana vile vinundu kwenye mizizi, bakteria waliomo wanachukua naitrojeni hewani, nayo tulifundishwa!

Nikaona nijikoshe, nikamwambia mama basi tupandishie udongo, mche ambao haujafa unatoa mizizi mingine juu ya pale palipoliwa. Akacheka, akasema hilo mbona tunafanya miaka yote, shika jembe. Nimelima mpaka saa tisa, mikono imetoka malengelenge, mchana tumekula viazi vya kuchemsha na chai ya rangi. Baadhi ya miche ilinyanyuka, mingine ndo ikaenda.

Mtihani wa mwisho funza wa maharage hata hakutoka, wakatoka viwavijeshi vamizi, hawa walioingia nchini 2017. Niliandika. Matokeo bado, sapu (kurudia mtihani) nayo siikatai, ila ya hesabu za biashara sio ya wadudu.

Wiki ya mwisho nlirudi kule kuaga. Mama ameshapura, kapata pungufu ya alivyozoea lakini akanifungia maharage ya njano kwenye kikapu kidogo, nikakataa akanikazia jicho nikapokea. Akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye miparachichi yake minne, akasema bwana shamba hii mwaka jana ilitoa maua mengi yote yakapukutika, kwa nini? Nikainama, nikaangalia shina, nikageuza majani, nikafukua kidogo pale chini. Nikamwambia mama sijui, nitauliza. Akasema haya, namba yangu unayo.

Nimewauliza wakufunzi wawili, kila mmoja kanipa jibu lake na hayafanani. Kesho napanda basi la kwenda nyumbani Makambako, na mama wa watu bado sijampigia.