Leso ya Desdemona haikuanguka yenyewe

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa fasihi, nina miaka 38, na nimeoa miaka mitano iliyopita. Mke wangu nilimtoa kwao Lindi nikaja naye Tanga, nikamsomesha uhasibu, akapata kazi kwa mawakala wa forodha bandarini. Tangu apandishwe cheo mwaka jana na mshahara wake kupita wangu, amebadilika. Kila siku ananitajia mfanyakazi mwenzake, anamtetea, anataka nimtafutie mdogo wake nafasi shuleni kwetu. Aliyenifungua macho ni rafiki yangu wa tangu chuo, huyo huyo anayetusimamia ununuzi wa kiwanja. Mke wangu hampendi rafiki yangu huyu, na sasa nimejua kwa nini. Mwezi uliopita rafiki alinionyesha picha ya harusi kwenye simu yake: dada wa yule mfanyakazi amejitanda mtandio wa hariri niliompa mke wangu siku ya posa. Nilipomwuliza, mke wangu akasema umo kabatini. Nilipomwambia aulete, akasema alimwazima mtu. Nilichukua simu yake, ninayo mpaka leo, na katika kuigombania nilimsukuma kidogo. Sasa amekwenda kwao Lindi. Shangazi, mwaka huu nilisoma na wanafunzi wangu Othello, tamthilia ya Shakespeare ya jemadari anayemuua mkewe Desdemona kwa wivu, nikalia mbele ya darasa. Nimejiona mimi, na mtandio ule nimeuona ndio leso ya Desdemona. Nimempenda mke wangu bila busara, lakini nimempenda kupita kiasi. Nimwache au nimsamehe?*
— Mwalimu, Tanga

Marahaba mwanangu. Pole kwa upweke. Nyumba aliyohama mke ni nzito, na sitaki udhani siujui uzito huo. Ila pole yangu inaishia hapa, kwa sababu barua yako nimeisoma mara kadhaa na kila nikiisoma anayenitia huruma ni aliyeko Lindi.

Tuanze na hayo maneno ya kupenda bila busara lakini kupita kiasi. Umeyatoa kinywani mwa Othello, kwenye mistari yake ya mwisho. Wewe ni mwalimu, kumbuka anayasema wapi. Desdemona amelala kitandani, amekufa, na mikono iliyomuua ni ya huyo anayezungumza. Emilia, mhudumu wake, naye ameuawa chumbani humo humo. Mbele yake yupo Lodovico, mjumbe wa serikali atakayepeleka habari Venice, na Othello anawaelekeza wakubwa wale namna ya kumwandika: niandikeni kama mtu aliyependa kupita kiasi. Ni mshtakiwa anayejitungia hukumu. Wanafunzi wako ungewafundisha kwamba mhusika akijieleza mwenyewe tusimwamini mpaka tupime matendo yake. Wewe sentensi yake umeichukua nzima, ukaivaa, ukanijia nayo ukitaka niite mapenzi.

Umeniletea tamthilia. Vema, basi tuisome yote.

Unasema mtandio wako ndio leso ya Desdemona. Je, unakumbuka leso ile, kitambaa cha mkononi, ilianguka vipi? Othello alilalamika kichwa kinamuuma. Mkewe akatoa leso, ile ile aliyopewa na mumewe kama zawadi ya kwanza, akataka kumfunga kipaji cha uso apate nafuu. Mume akasema ni ndogo, achana nayo. Ikaanguka pale pale, wakaondoka wote wawili wakaiacha sakafuni. Emilia akaiokota, mumewe Iago, ofisa wa Othello anayemdanganya kwamba mkewe ni mzinzi, akaichukua na kuitupa chumbani kwa Cassio, luteni anayesingiziwa. Leso hiyo ilitoka mkononi mwa mke akiwa anamhudumia mume, na mume ndiye aliyeikataa. Baadaye anamdai mke leso hiyo hiyo kana kwamba roho yake imefungwa ndani yake.

Sasa angalia alivyomdai. Aliiomba, mke akasema hanayo hapo, naye akamtisha. Alimwambia leso ilitoka kwa mganga wa Kimisri aliyempa mama yake, na kwamba ikipotea ni maangamizi. Kisha ndipo akauliza: imepotea? Mtoto wa watu akaogopa, akasema haijapotea. Huo ni uongo, na ndio kosa lake pekee katika tamthilia nzima dhidi ya mumewe. Alidanganya kwa hofu. Na mpaka mwisho, mume huyo huyo anabadilisha maneno na kusema leso ilikuwa zawadi ya baba yake kwa mama yake. Mwanamume alikuwa na hadithi mbili za leso moja na hakuna aliyemuuliza. Mwanamke alikuwa na jibu moja la hofu likamgharimu uhai.

Mke wako alisema mtandio umo kabatini, kisha akasema aliuazima. Wewe unaita hiyo ithibati ya uzinzi. Mimi naona mwanamke aliyeulizwa kwa sauti ambayo barua yako haikunisimulia. Wanawake wa pwani huazimana mitandio, vijora na hata dhahabu kila harusi ikifika, na mtandio wa hariri ndio wa kwanza kuombwa. Kwa nini jambo jepesi namna hiyo aliogope? Jibu unalo, umelificha katikati ya sentensi: nilimsukuma kidogo.

Hapo ndipo niliposimama nilipokuwa nasoma. Mambo ya picha na mtandio umeyaeleza kwa urefu, lakini la kumsukuma umelipa maneno mawili ukakimbilia Lindi. Mwanangu, aliyesukumwa hajui udogo wa kusukumwa. Katika tamthilia, Othello anampiga mkewe kofi mbele ya Lodovico, mgeni aliyekuja na barua ya serikali. Mgeni anashtuka, anasema jambo hilo Venice wasingeliamini, anamwambia amwombe radhi mkewe. Othello haombi. Kati ya kofi lile na kifo haukupita usiku mmoja. Shakespeare hadithi hii aliikuta kwa Mtaliano Giraldi Cinthio, iliyochapishwa mwaka 1565. Huko mke anauawa kwa soksi iliyojazwa mchanga, kisha dari inaangushwa ili ionekane ajali. Tamthilia ilipochezwa mbele ya Mfalme James mwaka 1604 hakukuwa tena na dari wala ajali. Muuaji alibaki na mikono yake mwenyewe.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Nakutajia ili usije ukadhani ni maoni ya Shangazi tu. Mkeo akiamua kwenda dawati la jinsia polisi, atakuwa na haki, na mimi nitakuwa upande wake.

Nije kwa rafiki yako. Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ndiye anayeshika mambo ya kiwanja, na kwamba mkeo hampendi. Mkeo ni mhasibu! Mtu anayefunga hesabu kila mwisho wa mwezi bila shaka ameshauliza pesa ya kiwanja imefika wapi. Sina ushahidi kwamba huyo rafiki ni mwizi, na sitamwita mwizi. Nakuuliza tu: umeona hati ya mauziano? Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anawajua? Iago unayemfundisha alikuwa na kijana mmoja, Roderigo, aliyekuwa akimwambia atie pesa mfukoni, naye akazitoa, na vito vya kumpelekea Desdemona akavitoa, na hakuna hata kimoja kilichofika kwa Desdemona. Iago huyo huyo ndiye aliyekuwa akiitwa mwaminifu na kila mtu kisiwani Cyprus. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na tazama Othello alivyoletewa ushahidi. Alitaka aonyeshwe kwa macho. Akapewa nini? Ndoto ya Cassio, iliyosimuliwa na mtu mwingine. Kisha akawekwa pembeni amwone Cassio akicheka, asisikie maneno vizuri, na kicheko kile kilimhusu Bianca, mwanamke mwingine kabisa. Wewe nawe umeonyeshwa picha katika simu ya mtu. Picha ya nani? Ya dada wa mfanyakazi, akiwa harusini, mbele ya umati. Huo ndio uzinzi wa mkeo?

Huyo mfanyakazi anayetajwa kila siku hanitishi. Desdemona alimtetea Cassio hadharani, mbele ya mumewe, asubuhi na jioni, mpaka akachosha. Mwenye jambo la siri hamtaji mtu wake wakati wa chakula cha usiku na kumwombea mdogo wake nafasi ya shule.

Najua ulivyolia darasani ulikuwa unalia kweli. Sisi tukimsoma Othello tunamwona ndugu: Mwafrika jemadari kati ya watu wanaomhitaji vitani na kumdharau sebuleni. Brabantio, baba wa Desdemona, alimkaribisha nyumbani asimulie safari zake, lakini binti alipompenda mgeni huyo, baba akasema amerogwa. Inauma, na inatuhusu. Ila hapo ndipo Iago alipoingilia. Alimwambia Othello kwamba mwanamke wa Kiveneti atachoka na mtu asiye wa rangi yake, na Othello akajijibu mwenyewe: labda kwa sababu mimi ni mweusi, labda kwa sababu sina maneno laini, labda kwa sababu umri umenipita. Desdemona hakusema lolote kati ya hayo. Yeye alisimama mbele ya baba yake na wazee wa serikali akasema huyu ndiye mume wangu. Mume akaamini shaka yake kuliko neno la mke.

Shaka yako wewe ni mshahara. Umeutaja mwenyewe, na umeandika "amebadilika" baada tu ya kuutaja. Emilia anasema wenye wivu hawaoni wivu kwa sababu ya jambo, wanaona wivu kwa sababu ni wenye wivu. Ni dude linalojizaa lenyewe. Umemsomesha, umemtafutia njia, amefika, na sasa kufika kwake kunakuchoma. Hilo ungemwambia, angekuelewa. Ungekaa naye ukamwambia: mke wangu, tangu upande cheo najiona mdogo ndani ya nyumba yangu. Ni maneno magumu kwa mwanamume, lakini hayavunji nyumba.

Na hapa niseme na wengine wanaosoma, kwa maana barua za namna hii zinazidi. Ndoa za siku hizi zinajengwa bila watu. Zamani binti alikuwa na somo wake, palikuwa na mshenga, palikuwa na wazee pande mbili, na mume akichafukwa moyo alikuwa na pa kwenda kabla ya kuinua mkono. Penye wazee haliharibiki neno. Leo mnaoana, mnahamia mji mwingine, mke hana shangazi wala dada karibu, na mshauri wa ndoa ni rafiki wa chuo mwenye picha kwenye simu. Desdemona alikuwa hivyo hivyo. Baba alimtupa, kisha akafa kwa uchungu huko Venice. Cyprus hakuwa na ndugu hata mmoja. Mwanamke pekee wa kumwegemea alikuwa Emilia, mke wa adui yake mwenyewe. Kwa hiyo usiku ule alipotandikiwa kitanda na kuimba wimbo wa mjakazi wa mama yake aliyeachwa na mpenzi, hakuwa na mlango wa kugonga. Wazazi, binti zenu wakiolewa mbali wapigieni simu, na wakisema "tuko salama" haraka haraka, pigeni tena.

Wanaume nao wasikilize anachosema Emilia: waume na wajue kwamba wake zao wana hisia kama wao, wanaona, wananusa, wanajua tamu na chungu. Ndiye huyu aliyesema ukweli mwishoni. Iago alimwamuru anyamaze aende nyumbani, naye akasema ni haki nimtii, lakini si sasa. Akachomwa kisu kwa kusema hivyo. Mimi huyu ndiye ninayemlilia katika tamthilia ile, na nakuomba mwaka ujao uwaambie wanafunzi wako wamwangalie yeye kwa makini kama mnavyomwangalia jemadari.

Sasa swali lako. Umeuliza umwache au umsamehe. Hakuna cha kumsamehe ulichonionyesha. Anayepaswa kuombwa radhi ni yeye.

Usiende Lindi mwenyewe. Mtafute mshenga aliyekuposea, au mzee wa upande wako asiyekuogopa, aende akae na mama mkwe. Ampelekee simu yake, na neno la siri usilidai. Huyo mzee asiulize habari ya mtandio hata kidogo. Mkeo akisema anahitaji muda, mpe. Akisema harudi, huo ni uamuzi wake na utauheshimu. Akikubali kurudi, arudi kwa sharti kwamba wazee wawili watajua yaliyotokea, na mmoja wao awe wa upande wake.

Rafiki yako mwambie akuletee hati na risiti zote za kiwanja wiki hii, na uzipitie ukiwa na mtu anayejua hesabu. Habari za mkeo usizipokee tena kwake.

Halafu uandike barua kwa mkono, ya kumpelekea mkeo. Sentensi ya kwanza iwe ile ya kumsukuma, bila neno "kidogo".