Mtoe Mama Nje ya Apatimenti, Ila Usimwambie ni Mazoezi

Wazazi wengi wanaotoka kwetu Afrika Mashariki kuja huku Minnesota, Marekani, huja kwa kazi moja: kulea mjukuu. Viza inakaribia kwisha, mzee hajaona zaidi ya sebule, nyumba ya ibada na supamaketi. Sasa mwambie, "Mama, twende tukatembee." Atakuuliza mnakwenda kwa nani. Ukimjibu hamwendi kwa mtu, mnatembea tu, atakutazama kama una homa. Na ana haki. Mtu aliyetembea tangu utotoni kwenda shamba, kisimani na sokoni hana deni la hatua kwa yeyote.

Kwa hiyo mazoezi usiyataje. Mimi huwaambia tunakwenda kuona mimea ya huku, basi. Hapo hata mwenye goti bovu anauliza tunaondoka saa ngapi.

Ninapopenda kuwapeleka ni bustani ya maua-pori ya Eloise Butler, ndani ya Theodore Wirth Park, Minneapolis. Ilianza mwaka 1907 kwa juhudi za mwalimu wa botania, Eloise Butler mwenyewe, na ndiyo bustani ya umma ya maua-pori iliyo kongwe kuliko zote Marekani. Kiingilio bure. Ina ekari kama 15 tu, na kwa kundi la wazee udogo huo ndio uzuri wake: mnaanza kwenye kivuli cha msitu, mnapanda kilima, mnatokea juani kwenye nyika ya majani marefu ambayo wenyewe huiita prairi. Sehemu hiyo ya prairi iliongezwa mwaka 1944 na Martha Crone, aliyeitunza bustani baada ya Butler kufariki. Njia hazina lami, zimetandazwa vipande vya mbao, na miteremko ipo. Mwenye fimbo anaweza. Mwenye kiti cha magurudumu, piga simu kwanza uulize kabla hujamtoa mtu nyumbani.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mpangilio wa kutembea. Anayekwenda polepole kuliko wote akae mbele. Wengi hufanya kinyume: vijana wanatangulia, kisha wanasimama kumsubiri bibi. Bibi anafika akihema, wenzake wameshapumzika, wanasema "haya, twende," na safari inaendelea. Yaani aliyechoka kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika! Akiwa mbele, mwendo ni wake, na hajioni mzigo. Nyuma kabisa muweke kijana mwenye maji na simu, awe pia mchunga watoto. Watu wakizidi kumi gaweni makundi mawili, maana njia ni nyembamba na walio nyuma hawasikii kitu.

Vituo chagua vichache. Aprili mwishoni na Mei, chini ya miti kunajaa maua madogo yanayowahi jua kabla majani ya miti hayajafunga anga. Baada ya wiki chache yamekwisha, kwa hiyo usiahirishe. Juni kuna okidi ya waridi na nyeupe ambayo ndiyo ua la jimbo tangu 1902. Inaweza kuchukua miaka 16 kabla ya kutoa ua lake la kwanza, na kuichuma ni kosa kisheria. Wazee huipenda sana habari hiyo, hasa wanaowasubiri wajukuu.

Lakini kituo kizuri kuliko vyote huwa ni kile ambacho mzee anakufundisha wewe. Julai moja tulikuwa kwenye prairi, mama mmoja wa Morogoro akainama kwenye mmea wa maua ya zambarau uitwao monarda. Hakuchuma, alifikicha jani kwa vidole likiwa palepale kwenye tawi, akanusa, kisha akapapasa shina. "Lina pembe nne," akasema. "Huyu ni ndugu yake mvumbasi." Na kweli, mimea hiyo ni ya ukoo mmoja, ukoo wa mnanaa, na shina la pembe nne ni moja ya alama zake. Kuanzia hapo yeye ndiye akawa mwongozaji, mimi nikabaki kubeba mikoba.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mzee mmoja mfugaji nilipomweleza kwamba prairi hutunzwa kwa kuichoma makusudi. Wenzake walishangaa. Yeye akauliza tu wanachoma majira gani. Anajua moto unafanya nini: unaua vichaka na miche ya miti inayonyemelea, huku nyasi zinachipua upya kwa sababu uhai wake uko ardhini. Baadhi ya nyasi hizi hupita kimo cha mtu, na mizizi yake huzama mita mbili au zaidi. Mizizi hiyo ndiyo iliyoufanya udongo kuwa mweusi na wenye rutuba, na udongo huo ndio uliowavuta wakulima wa jembe la plau. Minnesota ilikuwa na ekari kama milioni 18 za prairi. Leo haibaki hata asilimia mbili.

Sasa kupe. Hapa sina utani. Kuna kupe wadogo huku wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, na akina mama wetu hupenda gauni refu linalofagia majani. Avae suruali ndani ya gauni, soksi zipande juu ya suruali, apake dawa ya kufukuza wadudu, na atembee katikati ya njia. Mkirudi kagua nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye nywele za watoto. Ukimkuta amenasa, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa kiberiti, hata kama ndivyo ulivyofundishwa kwa ng'ombe. Halafu kuna mmea wa majani matatu-matatu unaowasha vibaya. Watoto waambiwe mapema wasiguse chochote chenye majani ya namna hiyo.

Chupa ya chai na mandazi viacheni kwenye gari, mvitumie baadaye nje ya uzio, kwenye Theodore Wirth Park yenyewe. Mbwa na baiskeli haviruhusiwi ndani. Na kabla ya kuondoka nyumbani angalia kama pamefunguliwa, kwani bustani hufungwa majira ya baridi. Mzee aliyefika Desemba itabidi asubiri Aprili, au umpeleke kwenye banda la mimea ya joto kwenye bustani ya Como, mji jirani wa Saint Paul, akaone migomba chini ya vioo.