Jokofu lililokatwa paipu halijarejelezwa

SWALI: Mwalimu, natafsiri taarifa kuhusu vifaa vya umeme vinavyotupwa duniani. Niliandika: "Asilimia 22.3 ya taka za kielektroniki hurejelezwa." Mhariri wangu akabadili: "Asilimia 22.3 ya taka ya kielektroniki huchakatwa." Nani kati yetu amepatia? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Kwenye "taka za" umepatia wewe. Taka ni neno la ngeli ya I-/ZI-, na linapotaja mrundikano wa vitu vingi hufuata ZI: taka ngumu hizi, taka zinazooza, taka za hospitali. Hata "kielektroniki" lina kasoro yake. Ki- hapo huonyesha namna, kama katika saini ya kielektroniki au tiketi ya kielektroniki. Kwa mantiki hiyo taka za kielektroniki zingekuwa zile barua taka zinazojaa kwenye baruapepe, si pasi iliyoungua. Wanaokadiria taka hizi huhesabu chochote chenye plagi au betri, jokofu na mswaki wa umeme pamoja. Jina kamili ni taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Lakini hilo fupi limeshakaa midomoni mwa watu, na sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu uko kwenye kitenzi, na hapo mmekosea nyote wawili.

Rejea tumeitoa kwenye Kiarabu, kwa maana ya kurudi. Rejea ikazaa rejelea, rejelea ikazaa rejeleza. Kurejeleza taka ni kuifanya mali iliyomo irudi kiwandani iwe malighafi tena. Pasipo kurudi hakuna kurejeleza. Kuchakata ni jambo jingine: ni kukipitisha kitu kwenye kazi ili kibadilike. Viwanda vya huko kwenu Mwanza vinachakata minofu ya samaki, na hakuna aliyewahi kusema samaki amerejelezwa. Kuchakata ni kazi. Kurejeleza ni matokeo ya kazi, tena si ya kila kazi.

Chukua jokofu bovu. Mnunuzi wa vyuma chakavu analibeba, anakata paipu kwa msumeno, gesi inatoka kwa mlio na kuishia hewani. Anang'oa kompresa na kuipasua apate shaba ya mota. Oili inamwagika chini. Anavua mabomba na bati. Kuta zenye povu gumu na plastiki ya ndani hutupwa au huchomwa. Kisha gazeti linaandika: "Vijana warejeleza majokofu." Wamerejeleza nini? Shaba, chuma na alumini vitafika kwenye tanuri, sawa. Gesi imerejea wapi? Majokofu ya zamani yalitumia gesi ya R-12, ambayo inatoboa tabaka la ozoni na kwa kipimo cha miaka 100 inapasha joto dunia zaidi ya mara 10,000 ya uzito uleule wa kaboni dioksidi. Iliyokuja baadaye, R-134a, haigusi ozoni, lakini inapasha joto dunia kama mara 1,300 au zaidi. Gramu 150 tu za R-134a, kiasi cha jokofu la nyumbani, ni sawa na karibu kilo 200 za kaboni dioksidi. Na kwenye majokofu yale ya kale, gesi iliyonaswa ndani ya povu la kuta ilikuwa nyingi kuliko ile ya kwenye mabomba. Anayevunja kuta hizo kwa nyundo anaiachia nayo.

Kazi inayostahili jina huanza kwa kutoboa mfumo kwa kifaa maalumu, sehemu ya chini ya kompresa, na kufyonza gesi na oili kwa pamoja. Oili hupashwa moto ili gesi iliyoyeyuka humo nayo itoke. Kompresa hufunguliwa, swichi za zebaki za friza za zamani huondolewa kwa mkono, kisha kasha zima husagwa ndani ya chumba kilichofungwa. Mara nyingi chumba hicho hujazwa naitrojeni, kwa sababu povu la majokofu mapya lina gesi inayoweza kulipuka. Sumaku huvuta chuma, mashine nyingine hutenga alumini na shaba, plastiki hubaki peke yake. Hivyo hurejelezwa. Ile R-12 iliyofyonzwa haitafutiwi jokofu jipya: hupelekwa kwenye joto kali na kuteketezwa. Hata kiwanda kizuri kabisa hakirejelezi jokofu lote, na mwandishi makini hasemi hivyo.

Lugha yetu haina njaa ya vitenzi. Fundi anayebadili kompresa amekarabati. Anayemuuzia jirani redio yake nzima, redio hiyo inatumika tena. Anayelegeza skrubu na kutenga vipande amefumua. Anayechukua shaba na kuacha mengine amenyofoa. Anayechoma waya ili mpira uondoke amechoma, na moshi huo anaumeza yeye kwanza. Tukiyaita yote haya kurejeleza tunamficha mtu huyo na mapafu yake nyuma ya neno zuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Sasa turudi kwenye namba yako. Imetoka kwenye ripoti ya mwaka 2024 ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, ITU na UNITAR, inayozungumzia taka za mwaka 2022: tani milioni 62, karibu kilo 7.8 kwa kila mtu duniani. Hakuna mzani uliobeba tani hizo. Wataalamu huchukua idadi ya vifaa vilivyoingia sokoni kila mwaka, uzito wa wastani wa kila aina, na miaka ambayo kifaa hudumu kabla ya kutupwa, wakakokotoa. Kwa hiyo tani milioni 62 "zinakadiriwa", "hazikupimwa". Asilimia 22.3 ni sehemu yenye kumbukumbu za kukusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Nyingine zimefukiwa, zimechomwa, zimefumuliwa mitaani bila mtu kuandika. Afrika, kumbukumbu rasmi hazifiki asilimia 1, lakini shaba iliyonyofolewa mitaani inauzwa na kuyeyushwa. "Hurejelezwa" yako inaisahau shaba hiyo. "Huchakatwa" ya mhariri inadai kwamba asilimia 77.7 iliyobaki haikuguswa na mkono wa mtu, jambo ambalo kijana yeyote wa skrepa angelikanusha.

Andika hivi: "Ni asilimia 22.3 tu ya taka za kielektroniki za mwaka 2022 yenye kumbukumbu kwamba ilikusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi." Ni ndefu, najua. Mhariri akitaka kufupisha, akate "za kielektroniki" kama zimeshatajwa juu. Neno "kumbukumbu" asiliguse.