Warsha ya kuandika na kuhakiki makala za kisayansi: kwa nini nakushauri ushiriki

Assalaamu alaykum. Ndugu yetu anayesoma shahada ya uzamili ameuliza kama warsha ya kuandika na kuhakiki makala za kisayansi ina faida, au yatosha mtu kujisomea. Nimepitia darasa la namna hiyo hapa Unguja, na jawabu langu ni kwamba ashiriki, hasa kwa ajili ya uhakiki, ambao wengi huuona jambo la ziada.

Mpangilio wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala husomeka popote. Kisichopatikana peke yako ni mwenzako kukuuliza, rasimu yako ikiwa mezani, "Hili umelipima wapi?"

Sisi tulichambua rasimu moja kuhusu mwani wa Paje, iliyosema kwamba joto la maji limepunguza mavuno ya kotonii, mojawapo ya aina za mwani unaolimwa. Dai hilo laingia akilini, kwani kotonii haistahimili joto kama spinosamu, aina nyingine ya mwani, na wakulima wa pwani ya mashariki wanalilalamikia kwa miaka mingi. Hata hivyo, katika sehemu ya mbinu tulikuta mahojiano matupu, bila kipimo hata kimoja cha joto. Tuliijadili sentensi ile karibu kipindi kizima, hadi ikaandikwa upya: "Wakulima waliohojiwa walihusisha kupungua kwa mavuno na kuongezeka kwa joto la maji." Kwa maoni yangu, aliyeshuhudia sentensi moja ikipunguzwa hivyo hawezi tena kuandika mjadala wake kiholela.

Katika kuhakiki, eleza kwanza kwa maneno yako mwandishi amefanya nini, kisha taja kasoro zinazogusa hitimisho, na makosa ya tahajia yaje mwisho, yakiambatana na namba za mistari. Rasimu uliyopewa ni amana. Haipelekwi kwenye kundi la WhatsApp. Na kwa kuwa visiwa vyetu ni vidogo na watafiti wa fani moja wanajuana, ukiitambua kuwa ni ya msimamizi wako au ya jamaa yako, mwarifu mhariri kabla hujaandika neno.

Kabla ya kwenda, soma makala mbili tatu za jarida la sayansi ya bahari la WIOMSA, jumuiya yenye makao yake hapa Zanzibar, ukianzia kwenye majedwali kabla ya ikisiri. Kisha nenda na rasimu yako mwenyewe, hata ikiwa ni kurasa mbili, mradi iwe na jedwali la matokeo ambalo wenzako wataweza kulihoji.