Kabla hujaulizia viza rahisi ya Ujerumani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "dada, viza gani ya Ujerumani ni rahisi kupata?" na mimi huwa najibu kwa swali, ikiisha hiyo viza unaenda wapi? Kimya. Watu wanahangaika na ndege wakati ndege ndo kitu chepesi kuliko vyote.

Mimi nilikuja 2018 kama au pair. Unakaa na familia unaangalia watoto, saa zisizidi 30 kwa wiki, wanakupa euro 280 za mfukoni kwa mwezi. Ndiyo, 280, na ni mwaka mmoja basi, na wakati wa kuomba uwe hujafikisha miaka 27. Kwangu ilinifaa kwa sababu moja, ile familia haikuongea Kiingereza na mimi hata siku moja, na mtoto wao wa miaka minne alikuwa ananisahihisha kama mwalimu mkuu, nikikosea "der" na "die" anaweka kijiko chini kwanza, ananirekebisha, ndo anaendelea kula. Mwezi wa saba hivi nikaanza kutafuta pa kwenda, nikapata mwaka wa kujitolea kwenye nyumba ya wazee (wanauita FSJ), halafu 2020 nikaingia Ausbildung ya unesi, yale mafunzo ya miaka mitatu unasoma huku unalipwa, 2023 nikamaliza. Wenzangu wawili walikuja kustuka kibali kimebakiza wiki tatu, hawana mkataba wowote mkononi, wakarudi nyumbani.

Ila ningekuwa naanza leo nisingezunguka hivyo. Ningekomaa na Kijerumani hukohuko nyumbani mpaka B1 (ngazi za lugha zinaanzia A1, B1 ni ya kati), kwa unesi wengi wanataka B2, kisha natuma maombi ya Ausbildung moja kwa moja. Unesi kwenye hospitali za umma mwaka wa kwanza unapata zaidi ya euro 1,300 kabla ya makato, fani kama ususi ni chini ya hapo sana, na mshahara ukiwa mdogo ubalozi utataka uoneshe hela ya kujazia. Sheria inakuruhusu kibarua cha pembeni mpaka saa 20 kwa wiki, mimi nilijaribu miezi miwili nikaacha, nilikuwa nasinzia darasani. Uzuri wake uko mbele: ukimaliza, ukafanya kazi ya fani yako miaka miwili huku unachangia pensheni, unaweza kuomba kibali cha kudumu.

Kuhusu lugha wacha niseme ukweli. Nilikuwa na cheti cha B1, nimefaulu vizuri tu, nimekiweka kwenye fremu. Wiki ya kwanza kwenye nyumba ya wazee, saa kumi na mbili asubuhi, bibi mmoja ananisukuma mkono wa uji anasema "i mag nimmer", nikadhani hajaamka vizuri, namlisha tu, anarudia, mwisho akafunga mdomo akageukia ukutani. Alikuwa anasema hataki tena, kwa lafudhi ya kusini ambayo hakuna kitabu kilichonifundisha. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "lugha utajifunza ukifika", muulize yeye alijifunza lini.

Chuo kikuu nacho watu wanakipenda kwa sababu vyuo vingi vya serikali havina ada, isipokuwa baadhi, mfano jimbo la Baden-Württemberg ambako mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya analipa euro 1,500 kwa semesta. Wasichokwambia ni akaunti ya Sperrkonto, euro 11,904 zikae zote mle kabla ya viza, unachotoa ni 992 kwa mwezi, na hiyo ndo kodi, chakula, bima, kila kitu. Kazi unaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Ukihitimu una miezi 18 ya kutafuta kazi. Inaonekana mingi, ila nawajua waliosoma digrii nzima kwa Kiingereza na miezi hiyo 18 ikaishia kwenye kuosha vyombo kwa sababu usaili wote ni Kijerumani.

Na kama tayari wewe ni nesi mwenye diploma, tafadhali usirudi darasani miaka mitatu. Omba cheti chako kitambuliwe, watakwambia kinapungukiwa nini, unafanya mtihani au unajazia kozi.

Halafu hizi habari za "nafasi zimefunguka". Septemba 2024 Kenya na Ujerumani walisaini mkataba wa wafanyakazi, ikasambaa kwamba kuna ajira 250,000, wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ikasema mkataba hauna idadi yoyote. Mawakala hawakuisikia hiyo sehemu ya pili, au waliisikia wakanyamaza.

Mmoja wao alimpata mdogo wangu. Mdogo wangu akanitumia WhatsApp mkataba wa Ausbildung, mzuri, una muhuri, alishalipa nusu ya hela ya wakala, na namba ya simu ya mwajiri iko pale chini. Hiyo namba sikuipiga. Niliitafuta ile nyumba ya wazee mwenyewe kwenye intaneti nikapiga mapokezi, yule mama akaniuliza jina mara mbili, akaniambia mwaka huu hawachukui wanafunzi kabisa. Nilivyomwambia mdogo wangu hakunijibu siku mbili. Siku ya tatu akatuma ujumbe mmoja: "Dada, kozi ya A1 inaanza lini?"