Kabla Hujataka Kupimwa Damu, Mgeuze Samaki

Ami yangu huchoma samaki na mishikaki hapa Lamu, si mbali na gati, kuanzia baada ya Magharibi. Nilipokuja likizo nilimweleza kwamba maabara ninakofanya kazi tunatafuta alama ambazo chakula kilichoungua huziacha kwenye DNA. Akamgeuza tafi aliyekuwa wavuni, akaniuliza, "Basi nikikupa damu yangu, utaniambia kama nina saratani?"

Siwezi, ami.

Mnofu ukipata moto mkali, kreatini iliyomo huungana na asidi za amino, ikazaliwa kemikali iitwayo PhIP. Ini huigeuza kuwa kitu kinachonata kwenye guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Sumukuvu ya mahindi na njugu zilizoota ukungu hufanya vivyo hivyo, na hiyo ndiyo naiogopa zaidi. Mwaka 2004 ilipozuka Ukambani iliua watu 125 kwa sumu yenyewe, saratani haijatajwa bado.

Kitu kilichonata hivyo kwenye DNA tunakiita kiambata. Viambata hivyo ni haba mno: kimoja katika nukleotidi, yaani vijenzi vya DNA, milioni mia, au hata bilioni. Tunaikatakata DNA kwa vimeng'enya, tunatia kiasi tunachokijua cha kiambata kama hicho kilichoundwa kwa atomi nzito ili tuwe na cha kulinganishia, kisha tunapitisha kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli. Humo ndani kiambata hubanduka sukari yake na uzito hupungua vizio 116 vya uzito wa atomi. Hiyo 116 ndiyo tunayoiwinda.

Mwaka wangu wa kwanza niliipata, tena kwenye grafu ya mashine kilisimama kilele kirefu cha kupendeza. Nikamwita mkuu wangu. Akauliza, "Sampuli tupu umepitisha?" Yaani ile isiyo na kiambata tunachokitafuta. Sikuwa nimepitisha. Nilipopitisha, kilele kilekile kikasimama palepale: mabaki ya sampuli kali iliyotangulia yalikuwa kwenye sindano ya mashine. Kazi ya wiki mbili ikaenda na maji. Kijana unayeingia fani hii, pitisha tupu kwanza, sampuli yako, kisha tupu tena, hata kama mashine ilikuwa safi jana.

Kwa wewe wa nyumbani, kiambata si ugonjwa. Mwili hukarabati DNA kila siku, na hakuna kiwango ambacho ukikifikia daktari atakwambia utaugua. Alama ya sumukuvu kwenye albumini, protini ya damu, hukaa wiki kadhaa. PhIP hupatikana hata kwenye unywele. Zinaeleza ulichokula, na huwafaa watafiti wanaolinganisha makundi ya watu. Akija mtu kukuuzia kipimo cha namna hiyo, pesa zako kanunulie ndimu.

Ndimu kweli, wala sitanii. Mloweke samaki kwa ndimu au ukwaju na kitunguu saumu, pandisha wavu, mgeuze mara kwa mara, mafuta yasidondokee makaa yakafuka moshi. Palipoungua pakwangue. Mahindi yaanike yakauke kabisa, uyaweke juu ya kichanja, maana unyevu wa pwani hausamehe gunia lililo sakafuni. Njugu zilizokunjamana au kubadilika rangi tupa. Shangazi huosha ukungu kisha akapika. Nimemsihi aache, kwani sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho, akapandisha wavu tundu moja. Kisha akakata mkia ulioungua, akaufunga kwenye gazeti. "Huu nenda nao, ukaupime."

Niliula njiani.