Jibu: Kwa nini rimiksi za Salsoul ni ndefu hivyo?

Ndugu, umeuliza kwa nini rimiksi (matoleo ya nyimbo yaliyopangwa upya) za Salsoul, lebo ya muziki wa disko ya New York, zinavuta hata dakika 9 wakati redioni wimbo uleule ni mfupi. Zilitengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa dansi. Mwaka 1976 DJ Walter Gibbons wa New York aliuchukua wimbo Ten Percent wa kundi la Double Exposure, akaurefusha, ukauzwa kwenye santuri ya inchi 12. Santuri hiyo ina nafasi kubwa kati ya mifereji inayopitiwa na sindano, ndiyo maana besi inakita kifuani. Sikiliza Gibbons anavyotoa waimbaji, zikabaki ngoma na konga (ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono) tupu. Hapo utamu wote! Halafu itafute bendi ya Salsoul Orchestra ya Vincent Montana Jr.: fidla za Philadelphia, konga za Kilatini. Anza na wimbo wao Salsoul Hustle, kwa sauti ya juu.